Elektroni iliyo mbali na kiini, ndani ya mtego wa ioni

Ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni, ina chaji, kwa hiyo hushikika kwa umeme. Si umeme uliotulia, lakini: mwaka 1842 Samuel Earnshaw alithibitisha kwamba nguvu za umeme usiobadilika peke yake haziwezi kuituliza chaji mahali pamoja. Ndiyo maana umeme wa mtego aliobuni Wolfgang Paul, mshindi wa Nobel ya mwaka 1989, hugeuka mamilioni ya mara kwa sekunde. Ioni husukumwa huku, ikarudishwa kule, hatimaye ikaelea katikati.

Ioni ya kawaida haisumbui kwenye hesabu. Unaichukulia kama nukta yenye chaji, basi. Kazi huanza leza inapoipandisha elektroni ya nje hadi hali ya Rydberg, yaani ngazi ya juu sana ya nishati. Katika ioni ya strontiamu iliyo ngazi ya 50, elektroni hiyo huwa makumi ya nanomita kutoka kwenye kiini, na nishati inayoishikilia ni kama elektronivolti 0.02 tu. Sasa umeme uleule unaoishika ioni unaivuta na elektroni yake. Katikati ya mtego uga wa umeme ni sifuri, ila elektroni haipo katikati.

Kwa hiyo hatuwezi tena kuhesabu mwendo wa ioni bila kuhesabu mwendo wa elektroni ndani yake. Wepesi wa ioni kuvutwa umbo na umeme hukua kwa kipeo cha 7 cha namba ya ngazi: ukiongeza ngazi maradufu, wepesi huo huongezeka mara 128. Matokeo yake, ioni iliyosisimuliwa, yaani iliyopandishwa hadi hali ya Rydberg, hutikisika mtegoni kwa kasi tofauti na ioni jirani ambayo haijasisimuliwa. Binafsi naona hapo ndipo penye uhondo wote. Hesabu hizo pia zinapendelea hali za S, ambazo elektroni yake imesambaa sawasawa pande zote, hivyo sehemu kubwa ya mvuto wa mtego hujifuta.

Nadharia ilitangulia. Mwanafizikia Peter Zoller na wenzake waliichapisha mwaka 2008. Watafiti wa Mainz, Ujerumani, walisisimua ioni za kalsiamu kwa namna hiyo miaka michache baadaye, na mwaka 2020 watafiti wa Stockholm wakafungamanisha ioni mbili, yaani wakaziunganisha hali zao kikwantumu, ndani ya nanosekunde 700. Elektroni iking'oka kabisa, ioni hubaki mtegoni na chaji mbili. Haing'ai tena kwenye kamera, lakini jirani zake waliosukumwa pembeni huonyesha ilipo.