Swali Linalobadilika Mtu Anapopanda Cheo

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwaandaa watu wanaotoka kwenye utaalamu na kuingia kwenye uongozi: mhasibu aliyefanywa mkuu wa fedha, mhandisi aliyekabidhiwa kitengo, muuguzi aliyepewa wodi nzima. Karibu wote hufika wakiamini kwamba wamepungukiwa na ujuzi. Ninavyoona mimi, ujuzi wanao wa kutosha, na kinachopaswa kubadilika ni swali wanaloanza nalo siku. Mtaalamu hujiuliza namna ya kuifanya kazi iliyo mbele yake iwe bora. Kiongozi hujiuliza kwanza kama kazi hiyo inastahili kufanywa, nani aifanye, na ikifanywa ni jambo gani jingine litakalokosa watu, muda au fedha.

Niliwahi kukaa na mkuu mpya wa kitengo akipitia ripoti ya mtu wake. Alianza kwa kusahihisha nukta na mkato, akahamia kwenye majedwali, kisha akafuta aya mbili na kuziandika upya mwenyewe. Saa moja na nusu ilikwisha, na ripoti ikawa nzuri kweli. Nikamwomba anionyeshe ni uamuzi gani uliokuwa ukiisubiri. Alirudi ukurasa wa kwanza, akapekua hadi wa mwisho, asiuone. Ripoti ile iliandikwa kila mwezi kwa sababu mtangulizi wake naye aliikuta ikiandikwa. Baada ya kuwauliza waliokuwa wakiipokea, aliisimamisha, na siku mbili ambazo mtu wake alikuwa akizitumia kila mwezi zikahamia kwenye kufuatilia madeni ya wateja yaliyokuwa yamelala.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu viongozi wapya hufundishwa sana kukasimu kazi, lakini hawafundishwi vya kutosha kuiacha. Kukasimu kazi isiyo na maana ni kumhamishia mwingine mzigo ambao haukupaswa kubebwa na yeyote.

Kuacha ni kugumu zaidi pale jambo lenyewe linapokuwa ndilo lililotujengea jina. Intel, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, ilianzishwa mwaka 1968 na ikajijenga kwa chipu za kumbukumbu, yaani zile zinazohifadhi data ndani ya kompyuta. Kufikia mwaka 1985 ushindani wa watengenezaji wa Japani ulikuwa umeibana vikali, na biashara hiyo ilikuwa ikila fedha. Andrew Grove, rais wa kampuni wakati huo, alimuuliza mtendaji mkuu, Gordon Moore, kwamba kama wao wawili wangeondolewa na bodi ikaleta mtu mpya, mtu huyo angefanya nini. Moore alijibu kwamba angeachana na chipu za kumbukumbu. Grove akahoji kwa nini basi wasilifanye jambo hilo wao wenyewe. Walilifanya, na nguvu ya kampuni ikaelekezwa kwenye prosesa, chipu zinazofanya kazi ya ubongo wa kompyuta. Wengi hukieleza kisa hiki kama ushahidi wa ujasiri, ila kwangu cha thamani zaidi ni kwamba hakuna taarifa mpya iliyoletwa mezani siku ile. Jibu walikuwa nalo tayari, na mapenzi yao kwa walichokijenga ndiyo yaliyokuwa yamelifunika.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara ya wengine. Nilipoingia kamati ya menejimenti kwa mara ya kwanza, niliitetea bajeti ya kitengo changu kama wakili anavyomtetea mteja wake, nikapata nafasi zote tatu za ajira nilizoziomba. Miezi michache baadaye oda zilianza kuchelewa, kwa kuwa ghala, lililonyimwa watu siku ileile, halikuweza kupakia mizigo kwa wakati. Nilikuwa nimekaa katika kiti cha taasisi nzima huku nikifikiri kama mwakilishi wa kitengo kimoja, na bado najutia jinsi nilivyotoka katika kikao kile nikijipongeza.

Kwa anayetamani uongozi lakini hajapata cheo, zoezi ninalolisisitiza ni la kuandika. Kabla ya kumpelekea mkuu wako dokezo la kuomba fedha au watu, andika aya moja ukiwa umekaa, kwa fikra, katika kiti chake: ni maombi gani mengine yaliyo mezani kwake wiki hiyo, lako likikubaliwa lipi litakataliwa, na uamuzi ukionekana kuwa si sahihi, unaweza kutenguliwa kwa urahisi au umeshafunga njia? Unaotengulika ufanywe haraka na watu walio karibu na kazi. Usiotengulika upewe muda na macho zaidi. Aya hiyo iambatanishe na dokezo. Wapo niliowaona wakiiandika kwa uaminifu, kisha wakapunguza ombi lao nusu kabla hata halijatoka mezani kwao.