Harufu kali ya javeli si ushahidi wa usafi

Hapa Goma, wengi wanaoanza kazi ya kusafisha nyumba za watu huamini kwamba javeli (dawa ya maji yenye klorini, kama Jik) ikinuka sana, basi nyumba imetakata. Wengine huichanganya na asidi ya choo ili iongezeke nguvu. Msifanye hivyo, tafadhali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Katika choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua.

Javeli huua vijidudu, haiondoi uchafu. Tena uchafu wenyewe huipunguzia nguvu. Lile vumbi jeusi la mawe ya volkano linaloganda kwenye pembe za dirisha, lifute kwanza kwa kitambaa chenye maji mengi (ukilisugua kavu litakwaruza kioo), kisha upige sabuni na kusuuza. Ndipo javeli. Yenye klorini ya asilimia 5, zimua sehemu 1 kwa sehemu 49 za maji baridi, upake, uache dakika 10. Kesho changanya nyingine.

Glavu nazo ziingie kwenye bei unayomtajia mteja tangu mwanzo, zisitoke kwenye mshahara wa mfanyakazi.