Shimo jembamba ndilo linaloshika nguzo

Ukinikuta nimelala kifudifudi kando ya shimo, mkono umezama hadi begani na kopo la bati kiganjani, usinionee huruma. Hapo kazi inaelekea ukingoni. Najenga uzio wa bustani, na mashimo mengi nimeyachimba kwa mkono. Kosa ninalokutana nalo kila mara kwa watu wanaojichimbia wenyewe ndilo nililoanza nalo mimi: kuchimba shimo pana.

Shimo pana linashawishi kwa sababu beleshi linaingia na kugeuka bila taabu. Uzio wangu wa kwanza niliuchimbia mashimo ya namna hiyo, nikarudishia udongo, nikakanyagakanyaga kwa kiatu, nikaondoka nikijisifu. Mvua zilipoanza, nguzo zikainamiana kama zinanong'onezana.

Nguzo hushikwa na udongo ambao haujaguswa. Udongo huo umejishindilia wenyewe kwa miaka; ukiuchimba tu unaingia hewa, na hata uurudishe kwa bidii gani, hautakuwa ule wa mwanzo kwa muda mrefu. Kila unapopanua shimo unaondoa kilicho imara na kuweka dhaifu mahali pake. Tena piga hesabu: shimo la kina cha sentimita 60 na upana wa sentimita 25 linatoa takriban lita 30 za udongo. Lipanue lifike sentimita 40, kina kikiwa kilekile, utatoa lita 75. Mgongo wako utalipia lita hizo 45 mara mbili, wakati wa kuzitoa na wakati wa kuzishindilia, na bado nguzo itasimama vibaya zaidi.

Nguvu itafute kwenye kina. Upepo unaposukuma juu, ncha ya chini nayo inataka kukimbilia upande wa pili, na kadiri ilivyozama ndivyo inavyobanwa. Mimi huzika theluthi ya urefu wote: nguzo ya mita 1.8 naishusha sentimita 60, inabaki mita 1.2 juu. Za kona na za lango naziongezea sentimita 15 hadi 20, maana hizo zinavutwa usiku na mchana. Penye baridi ya kugandisha ardhi, shimo lipite chini ya tabaka linaloganda, la sivyo barafu ikivimba itaiinua nguzo kidogo kidogo kila mwaka.

Kabla ya kupiga mtaimbo wa kwanza, ulizia mabomba na nyaya za umeme zinapita wapi. Na katikati ya kuchimba, ukikuta ghafla mchanga safi usiofanana na udongo wa jirani, au utepe wa plastiki, simama hapo hapo. Kuna kitu kilizikwa.

Chombo chenyewe cha kazi ni mtaimbo, beleshi ni msaidizi wa sentimita chache za mwanzo tu. Uinue, uuachie uanguke kwa uzito wake; wewe uongoze, usiusukume. Anayeusukuma atachoka shimo la pili. Kata kwanza ukutani mwa shimo, makali yakiwa yamelala sambamba na ukuta, kisha vunja kuelekea katikati. Ukishalegeza kama sentimita 15, toa kwa kopo lililobonyezwa mdomo kidogo. Funga kitambaa kwenye mtaimbo kwenye kipimo cha kina unachotaka, usihangaike na futi kila dakika. Udongo uweke juu ya gunia, si kwenye nyasi, na ule mweusi wa juu utenge: una mboji, haushindiliki vizuri, upeleke kwenye matuta.

Angalia ukuta usiteleze kuelekea ndani. Mashimo ya wanaoanza huwa kama faneli, mapana juu na finyu chini, yaani kinyume kabisa cha tunachotaka.

Mfinyanzi mkavu ndio unaovunja watu moyo. Usipigane nao. Chimba kishimo cha sentimita kumi, kijaze maji jioni, nenda kalale. Asubuhi utakata kama unakata sabuni, na ukigonga kukavu tena, rudia. Udongo wa kichanga una matatizo yake: kuta zinabomoka. Uloweshe kidogo ushikamane, au shusha ndoo iliyokatwa kitako iwe kizuizi huku unachimba ndani yake. Jiwe usilipige usoni; tafuta ukingo wake, legeza udongo unaolizunguka, ulibenue. Mzizi mdogo kata. Mzizi mnene wa mti unaoupenda? Sogeza shimo, uzio hautalalamika.

Chini namwaga kokoto sentimita kumi ili maji yasituame kwenye kitako cha nguzo. Halafu nasimamisha, napima kwa timazi pande mbili, narudishia udongo tabaka la sentimita kumi, nashindilia kwa kitako butu cha mtaimbo mpaka kiwe kinaruka badala ya kuzama. Tabaka jingine, timazi tena. Udongo uwe na unyevunyevu, usiwe tope. Kuna kipimo kisichodanganya: ukimaliza na rundo lililobaki ni kubwa kuliko sehemu ya nguzo iliyozama, hukushindilia. Fukua, anza upya. Zege naliweka kwenye nguzo za lango. Kwingine udongo ulioshindiliwa unatosha, na siku nguzo ikioza utaing'oa bila kubomoa kitu.

Juu kabisa acha kichuguu kidogo kinachomwaga maji mbali na nguzo, kwani mti huanza kuoza pale pale usawa wa ardhi, penye unyevu na hewa kwa pamoja. Kichuguu hicho kitabonyea mvua zikipiga. Pita tena na beleshi, uongeze.