Mafunzo ya opioidi yasiwe ya madaktari peke yao

Kwanza tuelewane opioidi ni nini, manake wengi jina hawalijui ila dawa zenyewe wanazijua: morfini, kodeini, tramadoli, pethidini, fentanili. Ni jamii ya afyuni. Zinatuliza maumivu makali kwelikweli, mgonjwa wa kansa au aliyetoka kupasuliwa anazihitaji, hapo hatubishani. Shida ni kwamba dawa hiyohiyo inayotuliza maumivu inapunguza pia nguvu ya kupumua, mtu akizidishiwa anaweza kulala akaacha kupumua kabisa.

Sasa sisi tunaofundisha wahudumu ambao tayari wako kazini tunapigania kitu kimoja, dokta, nesi, mfamasia, mtaalamu wa dawa ya usingizi na mtoa ushauri wakae chumba kimoja, kesi moja mezani. Hii ya kila kada na semina yake unakuta dokta anafundishwa kuandika, nesi anafundishwa kutoa, mfamasia anafundishwa kutunza kwenye kabati la kufuli, wote wanafaulu, halafu kosa linatokea pale dawa inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na hapo hakuna aliyefundishwa.

Chukua morfini ya maji. Dokta ameandika miligramu 10. Dawa hii inatengenezwa kwa nguvu tofauti, kuna chupa ambayo mililita 5 zina miligramu 10, na kuna nyingine mililita 5 hizohizo zina miligramu 100. Mtu akiona hiyo 10 akapima mililita 10 kutoka ile chupa kali, mgonjwa amekunywa miligramu 200, yaani mara 20 ya alichoandikiwa! Nani kakosea? Dokta hakuandika nguvu ya dawa wala mililita, mfamasia hakupiga simu kuuliza, nesi hakumwonyesha ndugu wa mgonjwa aishie mstari upi. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaangalia. Kesi hii ikisomwa wakiwa wote wamekaa pamoja wanaanza wenyewe kuulizana, na hapo ndipo mafunzo yanapoanza.

Nesi ndiye yuko na mgonjwa muda mrefu kuliko wote, na dalili ya hatari huanza na usingizi kabla pumzi haijapungua: unamwita anafumbua macho, anaanza kujibu, anasinzia katikati ya maneno. Nesi akiona hivyo asitoe dozi inayofuata, ahesabu pumzi, apige simu, na dokta anayepokea simu hiyo asimfokee. Hili tunalifanyia mazoezi kabisa watu wakiigiza, kwa sababu nesi aliyefokewa jana leo atasita kupiga, na mgonjwa hana muda wa kusubiri.

Mfamasia naye anaona asichokiona dokta, kwamba mgonjwa huyu ana morfini ya kliniki moja na diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi ya jamii ya benzodiazepini, ya kliniki nyingine. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza onyo lake kali kuliko yote liwekwe kwenye makundi yote mawili, opioidi na benzodiazepini, maana zikikutana zinakandamiza pumzi. Kodeini nayo ina lake. Kuna watu miili yao inaigeuza kuwa morfini haraka mno na huwezi kumjua mtu huyo kwa kumtazama, ndiyo maana 2017 FDA ikasema isitumike kwa watoto chini ya miaka 12. Na figo zikichoka mabaki ya morfini yanajikusanya mwilini.

Lakini jamani, usalama sio kunyima. Mwongozo wa 2016 wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, uliweka viwango vya tahadhari vya dozi za opioidi, kuna sehemu ukatumika kama amri, wagonjwa waliotumia dawa miaka mingi wakakatiwa ghafla, na toleo la 2022 likaonya wazi dhidi ya jambo hilo. Mwili uliozoea ukikatiwa ghafla unapata arosto, maumivu yanarudi, wengine wanafikia kutaka kujiua au wanaenda kutafuta mtaani. Kupunguza ni polepole na mgonjwa akishirikishwa. Mtoa ushauri akiwepo darasani haya yanaongelewa, asipokuwepo yanarukwa.

Naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidishiwa opioidi, kila kada iijue. Na ijue pia kwamba nguvu yake inaisha kati ya dakika 30 na 90 hivi, wakati opioidi kama methadoni inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo aliyezinduka anaweza kuzama tena akiwa njiani kwenda nyumbani. Abaki, aangaliwe.

Zoezi letu la mwisho kila mtu anapewa zile chupa 2, zikiwa na maji tu, bomba la kupimia na cheti cha dawa kilichoandikwa na mwenzake wa kada nyingine, apime mbele ya wote. Madaktari nao wanapima.