Kuchemsha maziwa hakuondoi mzio

Jijini Mwanza, mama wa mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huambiwa ayachemshe sana, au ampe ya mbuzi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima. Mzio ni jambo jingine: ni mwili kuzikataa protini za maziwa. Takriban asilimia 80 ya protini za maziwa ni kaseini, ambayo huvumilia moto. Zilizobaki hukaa kwenye yale maji yanayojitenga mtindi ukiganda, hasa beta-laktoglobulini, ambayo mwili wa mama anayenyonyesha hauitengenezi. Hizi moto huzibadili umbo, ila si zote. Ya mbuzi? Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe; watoto wengi wenye mzio hudhurika vilevile. Mtindi nao una protini hizohizo. Mtoto akivimba midomo au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali.