Mageuzi ya binadamu: kwani nani kasema babu yako ni nyani?

Tuanze na hili la nyani maana ndo linaharibu mjadala wote. Nyani ni yule mwenye mkia anayekaa pembeni ya barabara pale Mikumi akivizia abiria watupe ganda la ndizi. Sokwe ni mwingine kabisa, hana mkia, yuko Gombe na Mahale huko Kigoma. Sasa mtu akikwambia sayansi inasema tumetokana na nyani, hapo hata mnyama kamkosea, na huyo sokwe naye ni binamu tu. Wewe na mtoto wa shangazi yako mna babu mmoja, lakini hakuna aliyemzaa mwenzie, si ndiyo? Basi babu yetu na wa masokwe aliishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ukoo ukagawanyika, wao wakashika njia yao na sisi yetu. Kwa hiyo lile swali la "mbona nyani wa siku hizi hawageuki watu" halina kichwa wala miguu.

Mageuzi yenyewe (siyo yale ya vyama vingi) ni hivi: viumbe wa aina moja hawafanani, wapo wenye kitu kinachowasaidia kuishi pale walipo, hao wanazaa zaidi, watoto wanakirithi, na vizazi vikipita vingi unakuta kundi zima limebadilika, ila mtu mmoja mmoja habadiliki, hulali ukaamka umegeuka. Mfano tunao kwenye damu, selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukirithi kwa mzazi mmoja tu, malaria kali haikupati kirahisi, ukirithi kwa wote wawili ndo unaumwa. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha hilo mwaka 1954: penye malaria nyingi na selimundu ipo kwa wingi, maana waliorithi upande mmoja walipona wakazaa.

Sasa shuleni. Mimi nikiwa form one mwalimu wa historia alitupangia ubaoni Zinjanthropus, Homo habilis, Homo erectus, Homo sapiens, na mishale katikati, akakung'uta chaki akasema "haya ya kujibia mtihani, msiyaamini". Kengele ikalia, kikaingia kipindi cha dini, Adamu na Hawa, tukakariri navyo. Na ule mstari wenyewe ulikuwa na kosa! Zinjanthropus, fuvu la miaka kama milioni 1.75 aliloliona Mary Leakey pale Olduvai Julai 1959, ni tawi la pembeni lililokatika bila kuacha mtu, ila mpaka leo wapo wanaomuita mtu wa kwanza.

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Marekani, mji wa Dayton, Tennessee, mwaka 1925 mwalimu John Scopes alipigwa faini ya dola 100 kwa kufundisha haya maana sheria ya jimbo ilikataza, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ilikuja kufuta sheria za namna hiyo 1968. Hapo Kenya mwaka 2006 viongozi wa makanisa ya kiinjili walipinga makumbusho ya Nairobi kuyapa mabaki ya Turkana Boy (mifupa ya mvulana wa Homo erectus) nafasi ya mbele, yale yaliyogunduliwa na Kamoya Kimeu 1984.

Hoja inayorudi kila mara ni "si nadharia tu hiyo". Mtaani nadharia ni maneno matupu, kwenye sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa yakasimama, hata kwamba vijidudu vinaleta magonjwa nayo ni nadharia na mikono unanawa. Ya mageuzi imesimama juu ya vitu vya kushikika, mfano nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, zaidi ya miaka milioni 3.6, viumbe wadogo waliopita wima kwenye jivu bichi la volkano, kisigino kimezama, dole gumba limeelekea mbele kama lako. Ukienda leo nyingi huzioni, zilifukiwa tena makusudi mvua na mizizi visije kuzimaliza.