ALT imepanda: kabla ya kuzilaumu ARV, ulizia homa ya ini E

Majibu ya damu yamerudi. Kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kinasoma 180, wakati kwa kawaida hakizidi 40 hivi. Mwenye majibu anaishi na VVU, CD4 zake (seli za kinga ya mwili) ni 90, na huu ni mwezi wake wa pili tangu aanze ARV, dawa za kudhibiti VVU. Macho yake ni meupe, hayana manjano. Anachosema ni kuchoka tu. Neno la kwanza kutamkwa, na yeye mwenyewe na wakati mwingine na sisi wahudumu, ni kwamba dawa zimemkataa.

Huenda ni kweli. Nevirapini, mojawapo ya ARV, huweza kuumiza ini, na vivyo hivyo isoniazidi anayopewa mtu kwa ajili ya kifua kikuu. Homa ya ini B na C nazo hutafutwa mapema, na ni vizuri. Anayesahaulika ni kirusi cha homa ya ini E.

Kirusi hiki huingia kwa njia ya mdomo. Aina ya 1 na ya 2 humwambukiza binadamu tu, na husambazwa na maji yaliyochanganyika na kinyesi. Ndizo zinazoleta milipuko Afrika na Asia. Aina ya 3 na ya 4 hukaa kwa wanyama, hasa nguruwe, na mtu huzipata kwa kula nyama au maini ambayo hayajaiva sawasawa. Kati ya kuambukizwa na kuumwa hupita wiki 2 hadi 10. Ni nani atakumbuka alichokula siku hiyo?

Mwenye kinga imara hupona mwenyewe baada ya wiki chache. Kinga ikiwa chini sana, kirusi kinaweza kugoma kuondoka. Jambo hili lilielezwa mwaka 2008 kwa watu waliopandikizwa viungo, na mwaka 2009 kwa mtu anayeishi na VVU. Si la kawaida, na wengi waliokutwa nalo walikuwa na CD4 chini ya 200 pamoja na kirusi cha aina ya 3. Lakini likitokea huwa la kimyakimya: ini huvimba mwezi baada ya mwezi, hujaa makovu, na linaweza kufikia sirosisi, yaani kusinyaa na kuwa gumu kwa makovu, bila manjano kuonekana.

Hapa ndipo ninapoomba tuwe makini zaidi. Kipimo kilichozoeleka hutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili wenyewe huzitengeneza dhidi ya kirusi. Mwili uliodhoofika unaweza kushindwa kuzitengeneza, kipimo kikasoma hasi ilhali kirusi kimo kwenye damu. Kwa mgonjwa mwenye CD4 90, jibu hilo halitoshi. Atafutwe kirusi chenyewe, kwa kupima RNA yake, yaani vinasaba vyake, kwenye damu au kinyesi. Kikiendelea kuonekana zaidi ya miezi 3, hapo tunasema maambukizi yamekuwa sugu.

Tiba ya kwanza ni ileile ambayo mgonjwa aliilaumu. ARV zikipandisha CD4, mwili wenyewe unaweza kukifukuza kirusi. Kisipoondoka, daktari huweza kutumia ribavirini, kwa kawaida kwa miezi 3, huku akifuatilia wingi wa damu kwa sababu dawa hiyo huweza kuipunguza. Mjamzito hapewi, kwani humdhuru mtoto aliye tumboni. Na mjamzito mwenye manjano awahi hospitali siku hiyohiyo: wakipata aina ya 1, wajawazito hufa kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine, hasa katika miezi 3 ya mwisho.

Nyumbani, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo, na nyama ya nguruwe iive hadi ndani. Maini yenye wekundu katikati yarudishwe jikoni. Ukiona mkojo umekolea rangi kama chai, au ukiambiwa ALT imepanda, usiache dawa kwa uamuzi wako. Baadhi ya ARV, kama tenofovi, hudhibiti pia homa ya ini B, na kuzikatisha ghafla kunaweza kuiamsha. Nenda kliniki ukiwa na dawa zako zote mkononi, za hospitali na za mitishamba, kisha uliza: homa ya ini E imeshapimwa?